Kusikiliza kantri baani: anza kwa kutazama mikono

Swali la msomaji: "Kwa miaka mingi nimekuwa nikisikiliza muziki wa kantri redioni na kwenye simu, na nyimbo nyingi nazijua mwanzo hadi mwisho. Hivi karibuni nimeanza kwenda kuusikiliza ukipigwa papo kwa papo kwenye baa ndogo, pamoja na ule muziki wa jadi wa fidla na banjo, lakini mara zote tatu nimerudi nyumbani nikiwa nimechoka kuliko nilivyofurahi. Maneno siyasikii, watu wanazungumza, nyimbo nyingi sizijui, na zile za fidla tupu zote naziona ni moja. Sijui nikae wapi, nipige makofi lini, wala kama ni adabu kuomba wimbo. Je, ni mimi nisiyejua kusikiliza, au muziki huu haufai baa?"

Ndugu msomaji, kusikiliza unajua, ila umekuwa ukisikiliza kitu cha namna nyingine. Wimbo wa redioni ni kazi iliyokwisha: makosa yameshafutwa, sauti ya mwimbaji imeshawekwa mbele ya vyombo vyote kana kwamba anakunong'oneza, na kila mpigaji ameshaamua atapiga nini na wapi atanyamaza. Bendi iliyo mbele yako baani bado haijaamua. Nani atachukua solo, yaani zamu ya kupiga akiwa mbele ya wenzake, wimbo uende kwa kasi gani, kiitikio cha mwisho kirudiwe au kiachwe, yote hayo huamuliwa pale pale, mara nyingi bila neno hata moja kutamkwa, kwa jicho, kwa kidevu na kwa vidole. Anayekwenda baani kutafuta kile alichokisikia redioni hukuta nakala iliyochakaa, na nadhani hilo ndilo lililokupata mara zote tatu. Ukianza kutazama jinsi maamuzi hayo yanavyofanyika, hata wimbo usioujua utakushika, kwa sababu utakuwa na kazi ya kufuatilia badala ya kusubiri maneno uliyoyazoea.

Kama muziki huu unafaa baa au haufai, hilo nalijibu kwa historia kidogo, maana makelele unayoyalalamikia ndiyo yaliyoufinyanga. Marufuku ya pombe ilipoondolewa nchini Marekani mwishoni mwa mwaka 1933, zile baa za dansi zilizoitwa honki-tonki ziliongezeka sana, hasa Texas na Oklahoma ambako mafuta yalikuwa yakichimbwa na wafanyakazi walikuwa na mishahara ya kutumia Jumamosi usiku. Gitaa la mbao na fidla, ambavyo sebuleni vilitosha kabisa, havikusikika tena kati ya vishindo vya wachezaji na milio ya chupa. Mwimbaji Ernest Tubb aliambiwa na mtu aliyeendesha mashine za kupiga santuri kwa sarafu kwamba baa ikijaa, santuri zake hazisikiki. Mwaka 1941 akaenda kurekodi akiwa na mpigaji wa gitaa la umeme, na baada yake wengi wakafuata. Vivyo hivyo kwa mwimbaji Buck Owens na wenzake waliokomaa katika baa za Bakersfield, California, katika miaka ya 1950: gitaa lao la umeme la aina ya Telecaster lilipendwa kwa sauti yake kali na kavu inayopenya umati wa watu wanaozungumza. Kwa hiyo unaposikia gitaa la kantri likilia kwa ukali ambao redioni uliona ni mtindo tu, jua kwamba ukali huo ulibuniwa kwa ajili ya chumba kama kile ulichokaa wewe.

Hata hivyo muziki huu una tawi la pili, ambalo halikuzaliwa baani. Mwaka 1927 Ralph Peer, aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya santuri ya Victor, alikwenda Bristol, mji uliokatwa katikati na mpaka wa Tennessee na Virginia, na katika juma moja la Agosti akarekodi familia ya Carter, na pia mwimbaji Jimmie Rodgers. Muziki wa akina Carter ulikuwa wa nyumbani na kanisani, wa watu watatu wanaoimba bila kupandisha sauti, na hadi leo nyimbo za namna hiyo hudai utulivu ambao bendi ya dansi haina haja nao. Matawi haya mawili sasa yanapigwa katika vyumba vile vile, pengine na watu wale wale, na kutoridhika kwingi ninakokuona kwa wasikilizaji wapya kunatokana na kwenda kwenye usiku wa aina moja kwa matumaini ya aina nyingine.

Basi kabla hujauliza ukae wapi, uliza usiku wenyewe ni wa namna gani. Kuna usiku wa bendi ya dansi, wenye dramu, besi na magitaa ya umeme, ambapo kuzungumza si kosa na kusimama kucheza ndiyo shukrani kubwa unayoweza kuwapa wapigaji. Ukicheza, fuata mkondo: watu huzunguka uwanja kinyume cha mwendo wa saa, wenye kasi wakikaa ukingoni na wasio na haraka wakikaa ndani. Kuna usiku wa watunzi, ambapo mtu mmoja au watatu huketi na magitaa yao wakiimba nyimbo walizotunga wenyewe. Baa na mikahawa ya aina hii ina sheria yake, na inayojulikana zaidi ni Bluebird Cafe ya Nashville, jiji la Tennessee ambalo ni kitovu cha kantri, iliyofunguliwa mwaka 1982, yenye viti vipatavyo 90, ambako watunzi hukaa duara katikati ya chumba na mteja anayeongea huombwa anyamaze waziwazi bila kuonewa haya. Usiku wa tatu ni kikao cha duara, unaopendwa zaidi na wapigaji wa muziki wa Ireland na wa milima ya kusini mwa Marekani. Hapo hakuna jukwaa wala kipaza sauti, wapigaji wanatazamana na wewe unaona migongo yao, na wasikilizaji wengi hudhani wanapuuzwa. Hawapuuzwi. Wapigaji wale wamekuja kupigiana wenyewe kwa wenyewe na wewe umeruhusiwa kusikia, kama mgeni anayekaribishwa kukaa karibu na mazungumzo ya watu wanaopendana. Jambo moja tu la kuchunga: kiti kilicho tupu ndani ya duara si chako, hata kama baa imejaa, kwa sababu kina mwenyewe ambaye bado yuko njiani na fidla yake.



Sasa suala la maneno yasiyosikika, ambalo nalifahamu kwa karibu kwa kuwa nimekaa nyuma ya mitambo ya sauti miaka mingi kuliko niliyokaa jukwaani. Sauti zinazotofautisha neno na neno, yaani konsonanti kama s, t, f na k, ni nyembamba. Husafiri kwa mstari ulionyooka na humezwa kirahisi na miili na nguo za watu. Besi ni nene, hupinda kona na kupita kila mahali. Ukikaa nyuma ya watu waliosimama, utapata besi yote na dramu yote, lakini maneno yataishia migongoni mwao. Ukikaa pembeni kabisa mwa chumba, kwenye kona ya kuta mbili, besi itajikusanya hapo na kuyafunika hata yale machache yaliyokufikia. Ukikaa karibu sana na jukwaa, nyuma ya mstari wa spika, utasikia dramu na magitaa moja kwa moja kutoka kwenye vyombo vyenyewe, ilhali sauti ya mwimbaji inakwenda mbele kwa watu wengine. Na ukikaa kaunta, utasikia oda za watu na glasi zinazooshwa.

Mahali pazuri ni kama theluthi moja ya chumba kutoka jukwaani, katikati ya spika mbili, bila kichwa cha mtu kati ya jicho lako na mdomo wa mwimbaji. Hili la mdomo nalisisitiza. Binadamu husikia kwa macho kuliko anavyodhani, na nimewahi kuhamisha meza moja hatua tatu tu, bila kugusa kitufe chochote kwenye mtambo, na waliokaa hapo wakanishukuru kwa kupandisha sauti. Kama fundi wa sauti ana meza yake chumbani, kaa karibu naye, kwa sababu sauti inayotoka imepangwa kwa masikio yake.

Ukiona bado maneno hayaji, tafuta chanzo kwenye dramu. Katika chumba kidogo dramu hazihitaji spika, na fundi hana njia ya kuzipunguza. Anachoweza ni kupandisha kila kitu kingine hadi kizifikie. Hapo ndipo balaa huanza. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilikuwa nikiona watu wanaongea, napandisha sauti ya jukwaa, nao wanapandisha zao, nami napandisha tena, hadi usiku mmoja gitaa likaanza kupiga yowe kwenye spika na mwimbaji akaniangalia kwa macho ambayo sijayasahau. Daktari Mfaransa wa masikio, Étienne Lombard, alishaieleza tabia hiyo mwaka 1911: mtu huongeza sauti yake bila kujua kila makelele yanayomzunguka yanapoongezeka. Siku hizi chumba kikichafuka napunguza. Kwa beti moja au mbili watu wanaendelea kupaza sauti, kisha wanajisikia wenyewe, wanashuka. Wewe kama msikilizaji huna mtambo, lakini unaweza kuchagua: wapigaji wawili wasio na dramu watakupa maneno mengi zaidi kuliko bendi ya watu watano, na usiku wa katikati ya wiki utakupa mengi kuliko Jumamosi.

Tuje kwenye mikono. Nyimbo nyingi za kantri zimesimama juu ya kodi tatu (nasema kodi za gitaa, nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, si zile za serikali). Wapigaji huzitaja kwa namba: moja, nne na tano. Utaratibu huu wa namba ulienea katika studio za Nashville tangu miaka ya 1950, na faida yake ni kwamba mwimbaji akiamka na sauti iliyokwama anaweza kushusha wimbo mzima, na namba zikabaki zile zile. Kwa sikio lako namba moja ni nyumbani, namba nne ni kutoka barazani kupunga upepo, na namba tano ni mtu aliyeshika kitasa cha mlango. Sikio halitulii mpaka aingie. Jaribu kufuata wimbo mmoja kwa safari hiyo tu, bila kujali maneno. Kisha mwangalie mwimbaji mkono wake wa kulia unapoachia nyuzi: kama kuna mpigaji mgeni jukwaani, utaona vidole vinne vikiinuka kando ya paja sekunde moja kabla ya wimbo kwenda namba nne, au kiganja kizima, vidole vitano, kabla ya kwenda tano. Mara ya kwanza utakayoiona ishara hiyo na kusikia badiliko likija nyuma yake, hutaiona bendi tena kwa macho ya zamani.

Baada ya hapo msikilize mtu wa besi peke yake kwa wimbo mzima. Katika kantri ya mapigo mawili anakanyaga nota moja, kisha ya pili, kushoto na kulia kama mtu anayetembea, na kati ya hatua zake kuna kitu kinachojibu. Kwenye bendi yenye dramu kinachojibu ni fimbo ya mpiga dramu. Kwenye blugrasi, mtindo uliojengwa na Bill Monroe na bendi yake katika miaka ya 1940, mara nyingi dramu hakuna, na mimi kwa muda mrefu sikujua jibu lile linatoka wapi. Nililigundua nilipokaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mpigaji wa mandolini, chombo cha nyuzi kinachofanana na gitaa dogo. Alikuwa akipiga nyuzi zote kwa pamoja, kisha papo hapo akilegeza vidole vya mkono wa kushoto, kiasi cha unene wa karatasi, bila kuvitoa juu ya nyuzi, na sauti ikafa kabla haijawa nota. Kilichobaki ni mkato mkavu, kama mlango wa kabati unaofungwa. Chombo kile kidogo kilichoonekana kutofanya lolote ndicho kilichokuwa dramu ya bendi nzima.

Bendi za blugrasi zinazotumia kipaza sauti kimoja kwa wote ndizo ninazozipendekeza kwa mtu aliye kwenye hali yako, kwa sababu pale maamuzi yanaonekana kwa mwili mzima. Mwenye fidla anasogea mbele kuchukua solo, mwimbaji anapinda bega kumpisha, mwenye banjo anarudi nyuma na kuinua shingo ya chombo chake isimgonge mtu, na wote hao wakiendelea kupiga. Mtazame huyo wa banjo. Kama anapiga kwa vidole vitatu, nota zikimwagika mfululizo, anafuata njia iliyopata umaarufu Earl Scruggs alipojiunga na Monroe mwishoni mwa mwaka 1945. Lakini kidole gumba chake kinarudi kila mara kwenye uzi mmoja mfupi, wa juu, usiobadilika, na uzi huo una umri mkubwa kuliko kantri yenyewe: banjo ilitokana na vyombo vya kibuyu na ngozi vya Afrika Magharibi, vilivyovushwa bahari katika kumbukumbu na mikono ya watu waliouzwa utumwani, na uzi mfupi wa kidole gumba upo katika baadhi ya vyombo hivyo hadi leo. Kwa mpiga gitaa pia angalia kidole gumba. Maybelle Carter, wa familia ile ile ya Carter, alikitumia kupiga wimbo wenyewe kwenye nyuzi nene huku vidole vingine vikifagia kodi kwenye nyuzi nyembamba, hivyo gitaa moja likasikika kama mawili, na ufundi huo utauona karibu kila baa.

Gitaa la stili lenye kanyagio linastahili kiti chake mwenyewe. Ni lile linalolazwa kama meza, na mpigaji wake anaonekana kama fundi anayeshona kwa cherehani: mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia unazikwanyua, miguu iko kwenye kanyagio na magoti yanasukuma vyuma vya pembeni. Kanyagio likikanyagwa, nota moja au mbili ndani ya kodi hupanda huku nyingine zikibaki zilipo, na hapo hutoka kile kilio ambacho watu hukitambua kuwa kantri kabla hata mwimbaji hajafungua mdomo. Bud Isaacs ndiye aliyekifanya kisikike kila mahali kwenye wimbo wa mwimbaji Webb Pierce uliovuma mwaka 1954. Ukiwa na nafasi ya kuchagua upande wa kukaa, kaa upande ambao magoti yake yanaonekana.

Umesema nyimbo za fidla tupu zote unaziona ni moja. Mimi nilikuwa vivyo hivyo, na kilichonisaidia ni kuhesabu. Nyingi za nyimbo hizo, ziwe za Ireland, za Scotland au za milima ya kusini mwa Marekani, zina sehemu mbili, na kila sehemu hupigwa mara mbili kabla ya kuingia nyingine. Sehemu ya pili mara nyingi hupanda juu zaidi ya ya kwanza. Ukishajua hilo, unaweza kungoja ule mpando, na kungoja ndiko kunakogeuza makelele kuwa wimbo. Kisha tofautisha mwendo. Ukiweza kusema "karibu, karibu, karibu" juu ya nota zake na ikakaa sawa, tatu tatu, hiyo ni jigi. Ikikaa sawa na "polepole, polepole", nne nne, hiyo ni rili, na usishangae kwamba inayokwenda kwa polepole ndiyo inayokwenda mbio. Katika vikao vya Ireland wimbo mmoja hurudiwa kama mara tatu, kisha bila kusimama wote hurukia mwingine, na ule mruko, hasa ufunguo unapobadilika, ndio watu wazoefu wanaoungojea. Mara nyingine utasikia mtu akiachia yowe dogo la furaha. Wapigaji wa mtindo wa kale wa Marekani hufanya kinyume: wimbo mmoja unazunguka mara nyingi sana, hadi sikio linaacha kuhesabu na kuanza kusikia mabadiliko madogo ya upinde wa fidla.

Kuhusu nyimbo za maneno usizozijua, shika kiitikio, kwa kuwa kitarudi, na usikilize ubeti wa pili kwa makini kuliko wa kwanza, maana watunzi wa kantri hupenda kuficha hapo habari inayobadilisha maana ya kiitikio kile kile. Zaidi ya hayo, kutoelewa maneno hakujawahi kuuzuia muziki huu. Santuri za Jimmie Rodgers, pamoja na ule mtindo wake wa kurukisha sauti kutoka kifuani hadi kichwani, zilifika kwa Wakipsigis wa Kenya, na mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alirekodi wasichana wakimwimba mtu wa ajabu waliyemwita Chemirocha. Jina la mwimbaji lilikuwa limepita kwenye masikio yao na kutoka likiwa lao.

Makofi yanategemea ule usiku wenyewe. Kwenye blugrasi na kwenye bendi za dansi hupigwa mara solo inapomalizika, wimbo ukiendelea, na mpigaji hutegemea hivyo. Ukingoja hadi mwisho atadhani hakuna aliyemsikia. Kwenye usiku wa watunzi ngoja uzi wa mwisho ufe. Kwenye kikao cha duara makofi machache baada ya mfululizo yanatosha, na neno la shukrani wakati wa kupumzika linathaminiwa zaidi. Kuhusu kupiga makofi ya kufuata mapigo wimbo mzima, ushauri wangu ni mkali kidogo: katika chumba kidogo usifanye isipokuwa bendi yenyewe imeomba. Watu wakipiga makofi pamoja huongeza kasi bila kujua, sauti ya jukwaani inawafikia ikiwa imechelewa kidogo, na mpigaji wa besi anabaki kuvutwa huku na huku kama mtu mwenye mbwa wawili.

Kuomba wimbo ni adabu kwa bendi ya dansi, na kwenye honki-tonki za barabara ya Broadway kule Nashville ni sehemu ya riziki yao: ndoo hupitishwa kati ya watu, na ombi huja pamoja na tuzo. Omba wakati wa mapumziko, kwa karatasi ndogo au kwa maneno mafupi, kamwe si wakati mtu anarekebisha nyuzi zake, kwa sababu wakati huo masikio yake yana kazi. Akikataa, usibishane naye; huenda mwimbaji anayeujua wimbo huo hayupo usiku huo. Kwa watunzi usiombe wimbo wa mtu mwingine. Lakini kuna ombi moja ambalo sijawahi kuona likikataliwa kwa uso mbaya: mwambie mpigaji akupigie wimbo alioutunga yeye mwenyewe na asiopata nafasi ya kuupiga. Nimesikia hivyo baadhi ya nyimbo bora za maisha yangu, zikipigwa kwa watu kumi na wawili na mhudumu mmoja. Mtuze hata kama hukuomba kitu, na kama anauza rekodi zake mlangoni, nunua hapo hapo, kwa mkono wake.

Linda masikio. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 mapendekezo kwamba sauti katika kumbi za burudani isizidi wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15, na hicho ni kiwango cha juu, hakimaanishi kwamba ndicho kinachopendeza. Bendi yenye dramu katika chumba chenye dari fupi hukikaribia bila shida. Vizibo vya sponji hukinga vizuri, ila humeza zaidi zile sauti nyembamba zenye maneno, na utarudi kwenye malalamiko yako ya mwanzo. Tafuta vizibo vya wanamuziki, vinavyopunguza sauti zote kwa usawa.

Kwa mara ya nne, basi, ningependa uchague usiku wa wapigaji wachache, katikati ya wiki, na ufike bendi ikiwa bado inajaribu mitambo. Wakati huo utasikia kila chombo peke yake, besi, kisha mandolini, kisha fidla, na utakuwa umevijua kabla havijachanganyika. Usiondoke baada ya awamu ya kwanza hata kama imekuchosha, kwa sababu awamu ya kwanza ni ya kukijua chumba, na wapigaji huanza kuthubutu katika ya pili. Na kama ni kikao cha mtindo wa kale, wimbo ukizunguka kwa mara ya nane na mwenye fidla akanyoosha mguu mmoja mbele, nyayo hewani, weka glasi mezani uwe tayari: ni duru ya mwisho hiyo, na wengi waliokaa karibu nawe hawajaiona.